Fedha hufuata shimo, mahindi ya Kabongo yanangoja

Swali: "Baba, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Kwetu ni Kabongo, jimbo la Haut-Lomami. Mdogo wangu analima mahindi kule, na kila mwaka sehemu ya mavuno yake inaoza kwa sababu lori halifiki. Huku mjini sisi tunanunua unga wa Zambia. Nasikia kuna asilimia 40 ya majimbo, kuna mfuko wa kusawazisha maendeleo, kuna na fedha za madini. Je, huko mbele fedha hizo zitafika Kabongo, au zimekwisha kuwa mali ya miji ya migodi, Kolwezi na Lubumbashi? Na wakibadilisha katiba, tutapoteza hata hicho kidogo?"

Jibu:

Mama Mwalimu, nianze na unga, maana ndipo ulipoanzia wewe. Watu wengi wa mji huu wanadhani kuipatia Haut-Lomami fedha za umma ni sadaka kwa ndugu wa kijijini. Si sadaka hata kidogo. Mwishoni mwa Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame wake kuwa janga la taifa, na mama yeyote wa Lubumbashi anayepika bukari, yaani ugali, hakuhitaji redio kumweleza maana yake. Tunakula kinachopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mpaka ule ukikohoa, sufuria zetu zinaugua. Na wakati huohuo Kaniama, Kabongo na Malemba-Nkulu kuna ardhi, kuna mvua, kuna mikono ya kulima. Kinachokosekana ni daraja, barabara ya udongo iliyochongwa vizuri, ghala lenye paa. Vitu hivyo havijengwi na mfanyabiashara, kwa sababu hakuna wa kumlipa faida yake. Hujengwa kwa fedha za umma, na ndiyo maana swali lako ni kubwa kuliko shamba la mdogo wako.

Umetaja mifuko mitatu. Nitaanza na wa madini, ulio mwepesi kueleweka, kisha nitakaa zaidi kwenye ile miwili mingine.

Sheria ya madini ya Kongo ilirekebishwa Machi 2018. Kampuni inayochimba inalipa mrabaha, ule ambao hapa kwetu kila mtu anauita redevansi. Katika kila franka 100 za mrabaha, serikali kuu inachukua 50, jimbo lenye mgodi 25, sekta, usultani au komini (ngazi za utawala zilizo chini ya jimbo) yenye mgodi 15, na 10 zinaingia kwenye mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Zile 25 na 15 zinalipwa moja kwa moja kwenye akaunti za wenyewe, bila kuzungukia Kinshasa. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi.

Angalia sasa njia ya fedha hizo. Ukiondoa zile 50 na zile 10, zote zinafuata shimo. Penye shimo zinatua, pasipo shimo zinapita juu. Sisemi ni dhuluma: anayekunywa vumbi, ambaye mto wake umegeuka rangi, ambaye shamba lake limezungushiwa waya, huyo anastahili kuwa wa kwanza. Nimepita vijiji vya Lualaba ambako watoto wanakohoa mchana kutwa, sitathubutu kuwaambia wagawane fungu lao na mtu wa mbali. Lakini lazima tuelewe kwamba mrabaha ni fidia na ni malipo ya mali inayoondoka. Haukuwekwa ili kusawazisha majimbo. Ukiuacha peke yake, kila mwaka utapanua pengo kati ya Kolwezi na Kabongo, na utafanya hivyo kwa mujibu wa sheria, bila mtu yeyote kuiba chochote.

Pengo hilo lilichongwa upya mwaka 2015. Kabla ya hapo Katanga ilikuwa jimbo moja. Fedha za Kolwezi na za Lubumbashi ziliingia kwenye hazina moja ya jimbo, na wabunge wa Kabongo walikaa kwenye meza hiyohiyo ya kugawa. Walikuwa wanashindwa mara nyingi, ndiyo, lakini walikuwa mezani. Nchi ilipotoka majimbo 11 ikawa na 26, Katanga iligawanyika mara nne: Haut-Katanga na Lualaba zikaondoka na shaba, Tanganyika ikaondoka na ziwa, Haut-Lomami ikabaki na njia panda ya reli pale Kamina, na mto, na mashamba. Wengi walishangilia kupata gavana wao, bunge lao, bendera mbele ya ofisi zao. Sikulaumu furaha ile. Ila meza ya pamoja iliondoka, na kitu pekee katika sheria za nchi kilichoweza kuchukua nafasi yake ni ule mfuko uliousikia, wa kusawazisha.

Huo ni Caisse nationale de péréquation. Umeandikwa katika kifungu 181 cha katiba ya Februari 2006. Kazi yake ni kugharamia miradi ya uwekezaji wa umma ili kuonyesha mshikamano wa taifa na kurekebisha maendeleo yasiyolingana kati ya majimbo, na pia kati ya miji, komini, sekta na usultani. Unapaswa kulishwa asilimia 10 ya mapato ya kitaifa yanayoingia hazina ya serikali kila mwaka. Ona maneno hayo yalivyo mazuri: kurekebisha maendeleo yasiyolingana. Ni kama mtu aliyeandika alikuwa na ramani ya Haut-Lomami mbele yake. Lakini sheria ya kuuendesha ilitiwa saini Novemba 2016, miaka 10 baada ya katiba, na asilimia 10 ile haijawahi kuingia kwa ukamilifu wake. Katika mifuko yote mitatu, huu pekee ndio unaoangalia mwenye shida badala ya mwenye shimo, na ndio uliochelewa kuliko yote, ndio wenye nguvu ndogo kuliko yote. Ukiniuliza kitu kimoja kinachoniuma katika fedha za nchi hii, ni hiki.

Tuje kwenye asilimia 40. Kifungu 175 kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya kitaifa ni asilimia 40, na inakatwa palepale inapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 ikaongeza kwamba ndani ya fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na usultani. Chukua franka 100 za taifa: 40 ni za majimbo. Katika hizo 40, 24 zinabaki na jimbo na 16 zinashuka chini, hadi kwa sultani wenu. Nakuomba uishike namba hiyo 16, tutairudia.

Hesabu hii haijawahi kutembea kama ilivyoandikwa. Badala ya kukata pale fedha zinapokusanywa, kila kitu kinapanda Kinshasa kwanza, kisha kinarudishwa: hiyo ndiyo retrosesio ambayo magavana wanailalamikia tangu tuwe na magavana wa kuchaguliwa. Tofauti kati ya kukata na kurudisha si ya maneno. Anayekata anachukua kilicho chake. Anayerudishiwa anangoja, anaomba, anapanda ndege kwenda kubembeleza. Niliwahi kufanya kazi kwenye idara moja ya bajeti, sitaitaja. Kila mwaka tuliandika upande wa mapato zile asilimia zote za katiba, maana sheria ilitutaka tuziandike. Juu ya mapato hayo tukapanga shule, zahanati, madaraja. Fedha zilipofika, mishahara ilitangulia, kisha gharama za ofisi, na sehemu ya uwekezaji ikawa ya mwisho, kama mtoto wa kambo kwenye sahani. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunafuta daraja lilelile tulilolifuta mwaka uliotangulia. Nalijua daraja lile kwa jina na kwa vipimo vyake, sijawahi kuliona kwa macho.

Kinshasa nayo ina hoja, na haki inataka niiseme. Wanasema: elimu ya msingi na ya sekondari imo katika orodha ya kazi za majimbo, kifungu 204, lakini mishahara ya walimu inalipwa na serikali kuu. Wewe mwenyewe, Mama Mwalimu, ni ushahidi wao. Wanasema ukijumlisha mishahara yote inayolipwa majimboni, hasa baada ya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2019, majimbo yanapata sehemu yao, hata kama haipiti kwenye akaunti ya gavana. Tena wanaongeza kuwa ukiwapa majimbo 40 na mfuko wa usawazishaji 10, taifa litabaki na nusu, na kwa nusu hiyo litalipa jeshi, madeni na mishahara ileile. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, hoja hiyo imepata uzito ambao hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuudharau. Vita vinakula fedha, na mapato ya miji ile hayafiki hazina.

Lakini mshahara wa mwalimu haujengi daraja la Kabongo. Ni haki yako ya kazi, si uwekezaji, na hakuna mtu wa Kabongo anayeamua chochote juu yake. Kama kweli kazi za majimbo zinabaki mikononi mwa Kinshasa, basi waseme wazi ni zipi, watoe gharama zake kwenye hesabu, na kinachobaki kiwe na namba inayojulikana na siku inayojulikana. Mimi ningechukua asilimia 20 inayofika kila tarehe 5 ya mwezi kuliko 40 inayofika ikipenda. Najua kauli hiyo itawaudhi rafiki zangu wanaoitetea 40 kwa jasho. Ila nimeona kinachotokea sekta inapojua kwa hakika itapata nini: inaanza kupanga, inakopa saruji, inaajiri fundi. Isipojua, inakaa chini ya mwembe.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Sheria ileile ya 2008 inasema fungu la chini, zile franka 16, ligawanywe kwa vipimo vitatu: uwezo wa uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Kipimo cha kwanza kinampa zaidi aliye nacho tayari: usultani ambao mahindi yake yanaozea shambani hauonekani kuzalisha, kwa hiyo unapata kidogo, kwa hiyo hautengenezi barabara, kwa hiyo mahindi yanaendelea kuoza. Umeona duara hilo? Na kipimo cha tatu, idadi ya watu, tunakisimamisha juu ya nini? Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya mwaka 1984. Waliozaliwa mwaka ule wana wajukuu. Kila mgawo unaofanyika leo kwa kichwa cha mtu unafanyika kwa makisio juu ya makisio, na katika makisio mwenye sauti kubwa ndiye anayeongezeka watu.

Kenya ilipoandika katiba yake ya 2010 ilikutana na tatizo lilelile. Kaunti 47 zimehakikishiwa kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kiwango kidogo kuliko 40 yetu. Lakini ipo tume maalumu inayopendekeza fomula, na fomula inapigiwa kura na kuchapishwa, kila mtu anaiona. Juu ya hayo uliwekwa mfuko wa kusawazisha wa nusu asilimia tu, kwa miaka 20, kwa kazi nne: maji, barabara, afya na umeme, katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kule pia fedha zinachelewa, magavana wanapiga kelele, na mfuko ule ulianza kwa kuchechemea. Kinachonivutia ni kwamba asiyepata anajua ni kiasi gani hakupata. Mtu wa Kabongo hajui.

Ulaya nayo tuitazame kidogo. Mfuko wao wa maendeleo ya mikoa ulianzishwa 1975. Mkoa ambao pato lake kwa kila mkazi halifiki asilimia 75 ya wastani wa Umoja wa Ulaya unawekwa kwenye kundi linalosaidiwa zaidi, na mipango inatangazwa kwa miaka 7, ili anayejenga aweze kumaliza. Hata wao sasa wanabishana: Julai 2025 lilitolewa pendekezo la kuunganisha fedha za mikoa na za kilimo katika mpango mmoja kwa kila nchi kuanzia 2028, na mikoa inaogopa kwamba serikali za miji mikuu zitakalia kila kitu. Hofu hiyo mimi na wewe tunaifahamu bila kufundishwa.

Sasa mustakabali wetu. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba itaundwa tume ya kuandika katiba inayofaa mazingira yetu. Ukiuliza kama mtapoteza, jibu limo ndani ya katiba yenyewe, kifungu 220: ni marufuku marekebisho yoyote yanayopunguza mamlaka ya majimbo na ya miji, komini, sekta na usultani. Marekebisho ya Januari 2011 yaligusa vifungu vinane, na 175 haikuwa kati yake. Kwa hiyo kama ni marekebisho, mna ngao. Kama ni katiba mpya kabisa, ngao inaondoka pamoja na ya zamani, na kila kitu kinaanza upya. Hapo ndipo wabunge wa Haut-Lomami wanapaswa kuwa macho, wasitumie siku zote kwenye mihula ya rais wakasahau vifungu viwili vya fedha. Mimi ningewaomba wasipiganie namba kubwa. Wapiganie fomula iandikwe, na siku ya kulipa iandikwe, na mfuko wa usawazishaji ulipwe palepale benki kuu kabla fedha hazijaingia kwenye mikono ya waziri yeyote.

Na wasijiegemeze kwenye bei ya madini. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na Oktoba ikaufungua kwa mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho 2027. Ilikuwa hatua ya busara, kwa maoni yangu. Lakini komini yoyote iliyopanga shule zake juu ya mrabaha wa kobalti ilihisi miezi ile. Wazee wa mji huu wanakumbuka zaidi: Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa karibu tani 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980, na miaka michache baadaye haikufika 50,000. Hospitali, shule, mifuko ya unga, vyote vilikuwa vya kampuni, vyote vikaondoka nayo. Baba yangu alikuwa na kitabu cha kampuni cha kuchukulia unga. Alikitunza kabatini hata baada ya ghala kufungwa.

Unisamehe nimekwenda mbali. Katika miaka ya karibuni kitu kilichofika vijijini kwa macho ya watu ni mpango wa serikali kuu wa teritwari 145, uliogharimiwa kwa zaidi ya dola bilioni 1.6: shule, vituo vya afya, ofisi za utawala, barabara. Teritwari ni wilaya, kama jirani zetu wanavyoita. Mpango ule una faida moja kubwa: uliamua kwamba kila teritwari ipate, iwe na shimo au isiwe nalo. Una na udhaifu: umeamuliwa juu, umeendeshwa na mashirika ya juu, na teritwari kwa sheria zetu haina bajeti yake, ni mkono wa serikali tu. Mradi ukiisha, nani atapaka rangi, nani atanunua bati likipeperuka? Mwenye bajeti ni usultani na sekta, zile franka 16 nilizokuomba uzishike. Nikiulizwa fedha za usawazishaji zipite wapi siku zijazo, nasema zipite hapo.

Kwa hiyo, zitafika Kabongo? Kwa njia ya madini, hapana, na usimdanganye mdogo wako. Kwa njia ya asilimia 40, kidogokidogo, na kwa kuchelewa, mpaka sheria ya kukata iheshimiwe. Kwa njia ya mfuko wa usawazishaji, naamini inawezekana, na ninaamini kwa sababu ni suala la kutekeleza kilichokwisha kuandikwa.

Wakati huo usingoje bure. Kule Kivu Kusini, komini za Bukavu na baadhi ya usultani zilijaribu bajeti shirikishi: wananchi wanakutana, wanachagua miradi, kisha wanafuatilia fedha, hata kwa ujumbe wa simu. Walichojifunza ni kwamba mtu aliyeona kisima chake kwenye karatasi halipi kodi kwa kinyongo. Mwambie mdogo wako na wakulima wenzake waende kwa sultani kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, waombe kuona ukurasa mmoja tu: fedha zilizorudishwa na jimbo mwaka huu ni ngapi, na zimefanya nini. Ukurasa huo ni wa umma. Wakiambiwa hazikuja, waombe barua ya sultani kwenda Kamina, kwa serikali ya jimbo, inayosema hazikuja, yenye muhuri na tarehe. Nakala moja waipeleke kwa mbunge wao wa jimbo, nyingine wakutumie wewe. Na wewe unitumie mimi, nitaisoma.